Dakika Kumi za Pua ya Mishi

Famau alikuwa na pua isiyokosea. Si mimi nisemaye, ni yeye mwenyewe, na alilisema hilo kutwa mara tatu kama mtu anayemeza dawa. Kijana huyu wa Pate aliuza udi na manukato katika duka moja pale Al Muraqqabat, mtaa wa Deira, huko kwa Waarabu. Kila jioni alisimama mlangoni, kanzu imepigwa pasi mpaka mkunjo wake unaweza kukata mkate, akiwatangazia wapita njia: "Pua yangu haijakosea tangu kuumbwa! Mteja akiingia, kabla hajafungua mdomo nishajua ametoka wapi, amekula nini, na anataka kumpendeza nani."

Basi Alhamisi moja, saa ambayo njia hufurika watu watokao maofisini, akaingia msichana mwenye buibui jeusi lililotiwa ushanga wa fedha mikononi, raba nyeupe miguuni, na kadi ya kazi ikining'inia shingoni. Famau akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Wewe watoka Abu Dhabi," akasema. "Umekula biriani. Na wataka marashi ya waridi, zawadi ya mama mkwe."

Msichana akageuka kutazama kama nyuma yake kuna mtu mwingine anayeambiwa.

"Natoka Silicon Oasis, nafanya kazi ya kupokea simu za wateja. Sijala tangu asubuhi. Na mume sina, huyo mama mkwe nitamtoa wapi? Nimeingia kujipoza na AC yenu, basi."

"Leo pua ina mafua kidogo."

"Hayo si mafua, kaka. Huo ni uongo."

Alikuwa ni Mishi, mtoto wa Likoni, na kicheko chake kilimfanya Famau asahau bei ya kila kitu dukani. Akatia makaa kwenye chetezo, akaweka kipande cha udi wa kupika ambao hakuwahi kuuweka rafuni. Aliutengeneza mwenyewe kwa mkono, kama alivyofunzwa na bibi yake: vigae vya udi, sukari, ambari, na zafarani ya kuonjesha tu. Mishi akauinamia moshi, akatandaza mtandio wake juu yake, akanyamaza. Hilo la kunyamaza, nimeambiwa, halikuwa jambo la kila siku.

"Huu mwauzaje?"

"Huu hauuzwi. Autakaye sharti aolewe na mwenyewe."

"Babu wee! Una mdomo wewe!"

"Basi nipe nambari ya simu, iwe rubuni."

Akampa. Na usiniulize mengi hapo katikati, maana yalikuwa ni simu tupu. "Umekula, nyonda?" "Pua yako haijakwambia?" "Imeniambia umekula chapati." "Nimekula wali." "Basi kesho utakula chapati, mimi nimekuwahi tu." Mwaka na nusu wa upuuzi wa namna hiyo, kisha nikaha Likoni, kisha chumba kimoja katika fleti ya kushirikiana, ghorofa tatu juu ya duka. Chumba kilikuwa na kitanda, kabati, kiyoyozi kinachonguruma usiku na mchana, na dirisha lililogongomelewa misumari na mpangaji asiyejulikana.

Mishi aliposhika mimba, Famau aliwapigia simu jamaa kumi na mmoja kabla ya kumpigia mama yake, na mama akanuna. Alipoacha kununa, akatoa amri kutoka Pate: "Mja mzito hufukizwa, mwanangu. Kila magharibi. Chumba kinukie, vibaya vikae mbali."

Kumwambia muuza udi afukize ni sawa na kumwambia samaki aoge. Famau alifukiza magharibi na akafukiza asubuhi, na Ijumaa akaongeza cha mchana. Alifunga mlango, akaziba upenyo wa chini kwa taulo ili moshi usipotee bure, akamketisha Mishi kitandani na kumzunguka na chetezo, akimtazama kama mpishi anayetazama wali wake usiungue.

"Wanukia kama harusi, mama watoto."

"Ahsante, baba watoto," Mishi hujibu, macho yakimtoka machozi.

Mimba ikaingia mwezi wa tano, na damu ya pua ikaanza. Siku ya kwanza ilikuwa doa dogo kwenye mto. Siku ya pili ilimdondoka kazini, katikati ya simu ya mteja aliyekuwa akilalamikia mtandao wake. Wiki ya pili ikawa karibu kila jioni. Famau, ambaye utotoni alitokwa na damu puani kila akianguka, alijua la kufanya, au ndivyo alivyodhani. Alimwinua Mishi kidevu mpaka akatazama dari, akammwagia maji baridi utosini. Damu ikarudi kooni, Mishi akaimeza, na baada ya kuimeza akatapika. Na Famau, ili kuondoa harufu ya matapishi, akafanya nini? Akawasha udi.

Jumamosi moja alirudi chumbani akamkuta Mishi anafunga begi.

"Naenda kwa rafiki yangu Rosina, kule Discovery Gardens. Nipumzike siku mbili tatu."

"Upumzike na nani?"

Mishi alikitazama chetezo, akamtazama mumewe, akakitazama chetezo tena. "Na chumba," akasema. Akambusu mkononi, akaondoka.

Siku mbili tatu zikawa nne. Siku ya tano simu ikalia.

"Famau, nimekata tiketi. Ijumaa naenda kwa mama. Nitazalia Likoni."

"Ijumaa hii? Mishi, kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama, sikatai. Lakini mwanamke huondoka mwezi wa nane. Wewe ndio kwanza unaingia wa sita!"

"Najua kuhesabu."

"Nimekukosea nini?"

Feni ya mtu fulani ilisikika upande wa pili.

"Hujanikosea. Wanipenda sana, Famau. Hiyo ndiyo taabu." Simu ikakatika.

Famau alikaa juu ya sanduku la marashi, akapiga hesabu yake, na haikuwa ya biashara. Likizo yake ilikuwa bado miezi kumi na minne. Mishi akipanda ndege Ijumaa, mtoto atazaliwa, atakaa, atatambaa, ataota meno, na baba atakuwa picha inayoganda kwenye simu. Na mke anayekimbia kwa sababu anapendwa sana, huyo hurudi kweli? Aliwaza usiku kucha, na asubuhi ya Alhamisi akapata jibu ambalo kila mtu mwenye akili angelikataa: udi mpya. Ule ule wa siku ya kwanza, lakini ambari mara mbili.

Saa kumi jioni alibisha mlango Discovery Gardens, kanzu nyeupe, kofia ya vito, kifurushi kwapani. Aliyefungua ni Rosina, Mtanzania wa Mbeya, bado amevaa sare ya hoteli anakofanya usafi.

"Shemeji! Karibu. Mkeo anaoga, subiri kidogo. Ila jamani, usimgombeze."

"Nimekuja kumbembeleza."

Famau aliingia, akashangaa kidogo. Dirisha lilikuwa wazi, upepo wa mwezi wa kumi na moja ukipeperusha pazia. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa. Taulo bichi limetundikwa kwenye kiti, bakuli la maji limewekwa kando ya kochi. Hakuuliza. Rosina alipokwenda jikoni kuinjika chai, Famau akafunga dirisha ili moshi usipotee, akatoa chetezo cha umeme kipya kabisa, akakichomeka ukutani, akaweka udi. Moshi ukapanda mzito, mtamu, ukaijaza sebule.

Mishi akatokea mlangoni na dera la manjano lenye maua, nywele zikidondosha maji, tumbo limetangulia mbele kama mgeni rasmi. Akatabasamu kumwona mumewe. Kisha akanusa.

"Famau, zima hicho ki—"

Hakumaliza. Damu ilimtoka tundu zote mbili, ikachirizika juu ya mdomo, ikatua kwenye maua ya dera. Famau akaruka, akamshika kidevu, akakiinua juu.

"Tazama dari, nyonda! Maji! Rosina, lete maji ya utosini!"

"Wewe mwanaume! Unataka ainywe?"

Sauti ilitoka mlango wa nje. Ilikuwa ya Precious, Mganda anayekaa chumba kimoja na Rosina, nesi wa kliniki, ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini na mkoba begani. Naye Rosina alikuwa ameshatoka jikoni mbio. Alichomoa waya, akakibeba chetezo kwa kitambaa cha sahani, akakitupa barazani na kufungua dirisha lote.

"Siku sita!" akapiga kelele. "Siku sita yuko hapa, hajatokwa na hata tone moja! Wewe dakika mbili tu, shemeji! Mbili!"

Famau akalitazama dirisha. Akalitazama taulo bichi, bakuli la maji, kiyoyozi kilichozimwa. Akaukumbuka upenyo wa mlango alioziba kwa mikono yake mwenyewe. Ile pua isiyokosea ilikuwa imekaa miezi miwili ndani ya moshi ule ule na haikunusa kitu.

"Ni mimi," akasema polepole.

"Ni mimba," Precious akamjibu, akimketisha Mishi kwenye kiti. "Mimba inaongeza damu mwilini, mishipa ya pua inavimba, inapasuka rahisi. AC inakausha, moshi unachokoza. Wewe hukuanzisha. Wewe ulichochea tu. Leta mkono. Huo wa kulia." Akamwinamisha Mishi mbele kidogo, akavipeleka vidole vya Famau chini ya mfupa wa pua, pale palipo laini. "Bana hapo. Yeye anapumua kwa mdomo, damu anaitema. Dakika kumi. Ukiachia kutazama, unaanza tena moja."

"Na isipokatika?"

"Ikifika dakika ishirini, au ikimwagika sana, tunaenda hospitali. Presha nimempima asubuhi, iko sawa. Bana!"

Rosina akaweka saa ya simu mezani. Famau akabana.

Ndugu zangu, watu wametongozana kwenye mikahawa yenye mishumaa na kwenye bustani zenye chemchemi. Hawa wawili walipatanishwa mume amemshika mke pua, uso kwa uso, mke anaongea kwa sauti ya bata.

"Kwa nini hukuniambia?" Famau akauliza.

"Ningesemaje? Mwenzio aliyekuposa kwa udi, umwambie udi wako wanidhuru? Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza ukaniambia umeutia zafarani kwa ajili ya mwanangu. Ya pili ulikuwa unaimba."

"Nikiimba ndio nanyamazisha watu hivyo?"

"Ukiimba waniua zaidi ya moshi."

Dakika tatu. Rosina akageukia ukuta kuficha kicheko.

"Ukaona bora ukimbilie Likoni?"

"Niliogopa. Kila nikiamka mto una damu. Nikawaza, nikisema ataona simpendi. Nikinyamaza, mtoto je? Nikaona kuvuka bahari ni rahisi kuliko kukwambia 'mume wangu, zima'."

"Sema sasa."

"Niseme nini?"

"Mume wangu, zima."

Mishi akamtazama, machozi yakimjaa, na safari hii moshi ulishatoka nje. "Mume wangu, zima."

"Nimezima. Wallahi nimezima. Udi utakaa dukani. Nitaoga kule chini, nivue kanzu ya kazi nisiipandishe juu. Misumari ya dirisha nitaing'oa kwa meno."

"Kwa koleo, Famau. Meno nayataka."

Dakika sita. Mkono wa kulia wa Famau ulichoka, akaukamata kwa wa kushoto. Precious akamuuliza kama apokee. Famau akatikisa kichwa kwa nguvu. Dakika nane. Chai iliungua jikoni na hakuna aliyekwenda. Dakika tisa Mishi akapeleka kiganja chake tumboni, akauvuta mkono wa kushoto wa mumewe kuuweka pale pale, na mtoto, ambaye hakualikwa katika mazungumzo, akapiga teke.

Saa ikalia.

"Achia," akasema Precious. "Polepole."

Famau akaachia kidole kimoja, kisha cha pili. Wote wanne wakainamia pua moja kama watu wanaongoja mwezi uandame. Sekunde kumi zikapita, zikafika thelathini, ikatimia dakika nzima.

"Hata tone!" Rosina akapiga kigelegele kilichowatoa majirani milangoni. Mhindi wa fleti ya pili akauliza kama mtoto amezaliwa. "Bado!" Rosina akamjibu. "Lakini baba yake ndiyo kwanza amezaliwa!"

Mishi akaomba simu. Akajipangusa, akakohoa, akawapigia watu wa ndege kwa ile sauti yake ya kazini inayojua kitufe kipi kinakupeleka kwa binadamu. Kwa dakika nne safari ya Ijumaa ikafutwa. Kwa dakika mbili zaidi alikuwa akimwambia mama yake Likoni, "Siji mimi, mama. Waja wewe, mwezi wa nane. Na ukija, usiniletee udi." Kisha akavaa buibui lake, akamkabidhi mumewe begi, na wakashuka ngazi wameshikana mikono, yeye mbele, kichwa juu, kama aliyeshinda vita na kuchukua mateka mmoja.

Na kwa kuwa kuna wazushi mjini, niliweke wazi jambo moja: Famau hakulia. Katika dakika zote kumi zile jicho lake lilikuwa kavu kama jangwa. Nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu.

Nilikuwa nawasimulia watu hayo, na nilipofika hapo Rosina akaweka kikombe chini.

"Ulikuwepo wapi?"

"Pale. Sebuleni."

"Wewe ulikuwa chini, garini, unakula shawarma, unamsubiri Famau umrudishe Deira. Ulipanda juu mara moja tu, kuomba choo, na tulikuwa tumeshamaliza." Akawageukia wasikilizaji wangu wote. "Alilia, jamani. Alilia tangu dakika ya kwanza, mpaka Precious akamuuliza kama na yeye apimwe presha."