Yaw Aliyezaliwa Jumapili

Maa Adjeley, yule anayechoma ndizi mbele ya saluni pale mtaani Kokomlemle, anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema Mansa alitoka mle ndani na bastola kiunoni, akamwekea Bra Ebo mtutu kisogoni, akajitwika kikapu cha dola kama mwanamke anayetoka sokoni, akapotea. Ukimnunulia soda atakuongezea na helikopta.

Hakukuwa na kikapu cha dola. Bastola ilikuwepo, ila haikuwa ya Mansa. Na mambo hayakuanza kwa bastola. Yalianza kwa kukataliwa.

JUMATATU, SAA TATU ASUBUHI

Chumba cha nyuma ya saluni. Harufu ya dawa ya nywele ilikaba koo. Feni imekufa, umeme ulikatika tangu alfajiri. Watu watatu, kompyuta moja, betri inakata roho.

Bra Ebo ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mfanti mwenye shingo nene, mzoefu wa maghala ya bandari ya Tema. Ujana wake wote alivunja makufuli. Sasa alitaka mchongo mmoja usio na kufuli. Selasi alikuwa fundi wa kompyuta, mtanashati, sauti ya upole. Namba za kadi za watu wa ng'ambo, za wizi, alikuwa nazo yeye. Mansa alikuwa mpenzi wa Selasi. Na ndiye mwenye vikapu.

Mpango ulikuwa mwepesi kuusema. Duka la mtandaoni. Vikapu vya Bolgatanga, picha za kweli, bei za kweli. Siku moja zile kadi zote zinanunua vikapu. Pesa zinatua benki, Bra Ebo anazichomoa. Wenye kadi wakija kushtuka, duka limefungwa na hakuna wa kumshika shati.

Kilikosekana kitu kimoja tu: kampuni ya kuwapokelea malipo ya kadi. Wiki ya tano hiyo wanaitafuta.

"Ile ya kwanza wamesemaje?" Bra Ebo aliuliza.

"Haitaki Ghana," Selasi alijibu. "Ukitafuta nchi yetu kwenye orodha yao, hatujazaliwa."

"Ya pili?"

"Inatukubali. Lakini sehemu ya kila mauzo inaishikilia miezi sita. Dhamana, mteja asije akakana malipo."

"Miezi sita! Kwani wanatuona sisi wezi?"

Selasi alikohoa. Mansa aliangalia dari.

"Ya tatu, bosi, inataka kampuni iliyosajiliwa London, na wakili agonge muhuri."

Bra Ebo alipiga meza, vikombe vikaruka. "Nilipovunja ghala Tema hakuna aliyeniuliza leseni ya biashara! Siku hizi kuiba kunataka karatasi kuliko kuoa."

Mansa alicheka, lakini kicheko kilimchubua. Kero hiyo aliijua kabla yao. Miaka miwili alikuwa amegonga milango hiyo hiyo kwa mikono safi. Wateja wa Kanada na Uholanzi walivitaka vikapu vyake, walitaka kulipa kwa kadi kama wanavyolipia viatu. Akiwaambia watume kwa benki, pesa zilikatwa njiani au zilirudi zilikotoka. Kila kampuni aliyoiomba ilimjibu kwa adabu na kumfungia mlango. Mteja mmoja mmoja aliondoka. Ndipo Selasi akamwambia yupo mtu anayefungua milango. Wakimaliza dili hili, mgawo wake ungemfungulia kampuni ng'ambo, auze vikapu vyake kihalali, basi. Aliwapa picha. Aliwapa bei. Sharti lake lilikuwa moja.

"Jina langu lisiandikwe popote," alirudia. "Kuna akina mama kule Bolga wanasuka kwa kuliamini jina hilo. Mengine chukueni. Jina niachieni."

"Nani ana shida na jina lako, binti?" Bra Ebo alirusha kitambulisho mezani. "Mwenye duka ni huyu. Yaw Amponsem."

Kilikuwa bandia, tena safi. Selasi alikitengeneza kwa ajili ya zile kampuni za nje: sura ya marehemu, jina la kubuni, tarehe ya kuzaliwa ya kuokoteza. Mashine za ng'ambo zilikisoma bila kukohoa.

"Imebaki ya hapa hapa," Selasi alisema. "Ofisi yao iko Osu. Ada yao ni kisu, lakini haina longolongo. Kadi leo, pesa kesho saa sita mchana."

"Kumbe ipo! Wiki tano unanizungusha dunia nzima, kumbe ipo Osu?"

"Nilidhani za nje zina usiri zaidi, bosi."

"Ulidhani. Weka hiyo."

Hakuna aliyeitazama tena ile tarehe.

ALHAMISI, SAA NANE MCHANA

Kadi zilikuwa zikipita tangu asubuhi. Kila moja ikikubaliwa, kompyuta ililia kama glasi iliyogongwa na kijiko. Vikapu vya mwaka mzima viliuzwa kabla ya chakula cha mchana. Bra Ebo alikula wali wake kwa samaki, akitabasamu kwa kila mlio.

Simu ikaita. Kupokea simu ilikuwa kazi ya Mansa. Akasafisha koo, akaweka spika wote wasikie, akajifanya karani.

"Duka la vikapu, habari za mchana."

"Nzuri, dada. Naitwa Serwaa, napiga kutoka kampuni ya malipo, Osu. Hongera, mmeuza leo! Namtaka mwenye duka, Bwana Yaw."

"Amesafiri."

"Pole yake. Dada, nikuulize kitu kidogo, usinione mbea." Sauti ilikuwa na kicheko ndani yake. "Nimeiangalia tarehe yake ya kuzaliwa kwenye kalenda. Ni Jumapili. Huyu Yaw gani amezaliwa Jumapili?"

Mansa alimtazama Bra Ebo. Yaw ni jina la mtoto wa kiume aliyezaliwa Alhamisi. Wa Jumapili ni Kwasi. Hilo mtoto wa Ghana analijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Bra Ebo alisogeza mdomo sikioni mwake. "Mwambie amerithi jina la babu."

"Amerithi jina la babu yake," Mansa alisema.

"Haya, basi aje yeye na babu. Aje na kitambulisho halisi tumwone uso. Au aje mwenye duka mwingine, mtu wa kweli. Mpaka hapo pesa hazitoki. Samahani, dada yangu, ndiyo kazi."

Simu ikakatika. Kompyuta ikalia tena. Hakuna aliyetabasamu.

"Mashine za wazungu hazikuona kitu!" Bra Ebo alifoka.

"Mashine ya mzungu haina bibi Kumasi wa kuifundisha majina," Selasi alisema.

Kofi lilimkuta kabla hajafunga mdomo. Kisha wanaume wawili wakageuka polepole, wakamtazama Mansa. Akajua kabla hawajasema.

"Hapana," alisema.

"Vikapu ni vyako kweli," Bra Ebo alisema. "Sura yako ya kweli. Siku yako ya kuzaliwa ya kweli. Nani mwingine?"

"Tulikubaliana."

"Ni saini tu, mpenzi," Selasi alisema, shavu limemvimba. "Unasaini, saa sita pesa zinatoka, tunavuka mpaka kwenda Lomé."

"Wenye kadi wakikana malipo, nani atadaiwa?"

Selasi aliangalia kioo cha kompyuta. "Haitafika huko."

"Selasi. Nitazame. Nani?"

Hakumtazama. Alianza kufuta alama za vidole vyake kwenye vibonye, kimoja kimoja, kwa kitambaa cha saluni. Vyake tu.

Bra Ebo alitoa chuma, akakiweka mezani kando ya sahani ya samaki. "Kesho nakupeleka mwenyewe."

IJUMAA, SAA TANO NA NUSU ASUBUHI

Osu. Teksi ilisimama ng'ambo ya barabara. Bra Ebo alibaki kiti cha nyuma, mkono ndani ya shati.

"Dakika kumi. Ukiniuza, binti, nitakufuata hata Bolga."

Mansa aliingia. Mlango wa kioo ulijifunga nyuma yake. Serwaa alikuwa mwanamke mfupi, miwani puani, chupa ya maji ya tangawizi mezani. Alikisoma kitambulisho cha Mansa pande zote mbili, akampiga picha, akamgeuzia kompyuta.

"Mansa, jina la binti wa tatu kuzaliwa. Hapa hakuna ubishi." Alicheka. "Kwa nini hukuandikisha kwa jina lako tangu mwanzo?"

"Nilishakataliwa sana."

"Na nani?"

"Na kila mtu."

"Sisi hukutuomba."

Ilikuwa kweli. Kwa miaka miwili alikuwa akitazama mbali tu.

Serwaa alibonyeza. Jina la Mansa likatokea juu ya duka, na picha za vikapu vyake chini yake. Kadi zote duniani zingeweza kulipia. Ndivyo alivyokuwa akiota. Lakini chini ya vikapu kulikuwa na mauzo ya jana, foleni ndefu ya majina ya watu walio mbali, wasiojua kwamba wamenunua chochote.

"Ukibonyeza hapa," Serwaa alisema, "saa sita zinakwenda benki. Hapa, zinarudi kwa wenye kadi, kama umekosea oda. Wengi hawakigusi hicho."

Kule saluni kompyuta ilionyesha ukurasa ule ule. Simu ya Mansa ilitetema. Selasi. *Bonyeza mpenzi. Tunakusubiri.*

Akabonyeza. Cha pili.

Mistari ilianza kugeuka myekundu, mmoja baada ya mwingine. Simu ikaita. Hakupokea. Ikaita tena. Kisha ikanyamaza, na Selasi hakumpigia tena, siku ile wala nyingine; alikuwa akimpigia Bra Ebo.

"Dada, umerudisha zote?" Serwaa aliuliza taratibu.

"Hazikuwa zangu. Funga mlango."

"Nini?"

"Funga mlango!"

Serwaa aligonga kitufe chini ya meza. Kitasa kikalia. Bra Ebo alikuwa keshavuka barabara, simu mkono mmoja, bastola mkono wa pili. Alikiona kioo kimejifunga. Akakipiga teke. Akakipiga risasi, kioo kikachanika kama utando, hakikuanguka. Mlinzi wa benki ya jirani alipiga filimbi. Watu walilala barabarani. Teksi iling'oka na mlango wazi. Bra Ebo aligeuka akimbie, akakutana na askari wawili waliokuwa wakinunua maji kwenye kona. Alifyatua mara moja. Wao walifyatua zaidi. Akakaa chini barabarani akishika paja, akitukana kwa Kifanti, akitukana kampuni za malipo moja moja kwa majina yao.

Ndani, Serwaa alikuwa chini ya meza, simu sikioni. "Ndiyo, afande. Mwenye duka yuko hapa mbele yangu. Hapana, hajakimbia."

Mansa alikuwa amekaa vile vile kitini. Mstari wa mwisho uligeuka mwekundu. Pesa zote zilikuwa zimerudi. Vikapu vilikuwa palepale, na jina lake likiwa juu.

"Dada Serwaa," alisema. "Akaunti hii. Mkishamaliza na mimi huko polisi... mnaweza kuniachia? Ya vikapu tu?"

Serwaa alimtazama kutoka kule chini, simu bado sikioni. Nje askari alianza kugonga kioo kwa kitako cha bunduki, akiita wafungue.