Mteja Aliyemiliki Nguo Zote

Jua lilikuwa linazama Mama Dobi alipotoka nyumbani kufuata mashuka yake kwenye duka la mumewe. Mashuka yalikuwa kisingizio tu. Alichokwenda kufanya hasa ni kumwangalia yule binti wa kaunta: amevaa nini leo, anacheka na nani, na kama shati la mume wa watu limepigwa pasi na mkono ule ule tena.

Hilo ndilo lililokuwa linamla. Tangu aolewe, mashati ya mumewe aliyapiga pasi yeye mwenyewe, sebuleni, redio ikiimba. Mume alikuwa na duka zima la dobi, lakini mashati yake yalifuliwa nyumbani. Kisha akaajiriwa huyu binti, wateja wakambandika jina la Tabasamu, na mashati yakahamia dukani. Dobi akaandikishwa kwenye kompyuta kama mteja mwingine yeyote. "Nakupunguzia kazi, mke wangu," alisema. Mama Dobi akacheka naye. Rohoni alikuwa anaungua.

Alimkuta Tabasamu chumba cha nyuma anakunja taulo huku anaimba. Anaimba, jamani! Dobi mwenyewe alikuwa ametoka na gari kupeleka nguo kwa wateja.

"Shikamoo, mama. Mashuka yako bado yana joto, nayakunja sasa hivi."

"Marahaba. Usiwe na haraka, mwanangu," alisema Mama Dobi kwa sauti ya asali, akaketi kwenye kiti cha kaunta. Kilikuwa kiti chake kabla huyo hajaja.

Kompyuta ilikuwa wazi kwenye programu ya ankara. Sasa, kazi ile ina jambo lake. Mteja mmoja huweza kuandikwa mara mbili, leo kwa simu yake, kesho kwa simu ya mkewe. Kwa hiyo programu ina kitufe cha kuunganisha: unachagua rekodi itakayobaki, nayo inazimeza nyingine. Mama Dobi alikijua vizuri. Mwanamke mwingine angekwenda kwa mganga, na mganga anataka kuku na nauli. Kitufe kilikuwa bure.

Akafungua rekodi mpya. Mahali pa jina hakuandika kitu. Mahali pa simu hakuandika kitu. Kisha akawachagua wateja wote, mmoja hakumwacha, ili wamezwe humo. Kesho watu wakija kudai nguo zao, tuone huyo Tabasamu atatabasamu vipi.

Akabonyeza.

Nyuma yake, kwenye reli, mifuko ya nailoni iliyofunika nguo ikaanza kuchakacha... Mlango ulikuwa umefungwa. Feni ilikuwa imezimwa. Na ile harufu ya sabuni na mvuke aliyoizoea ikaondoka, ikaja harufu ya watu. Jasho, manukato, tumbaku, maziwa ya mtoto mchanga. Watu wengi waliobanana mahali padogo.

Tabasamu alikuja na mashuka mkononi, akaitazama kompyuta.

"Mama... wateja wameenda wapi?"

"Mimi nitajuaje? Si kazi yako?"

Binti akatafuta. Akatafuta tena. Alibaki mteja mmoja tu, asiye na jina, na nguo zote za duka zilikuwa zake. Kwenye rekodi yake palikuwa na maneno ambayo hakuna aliyeyaandika: *Amekuja kuchukua.*

Mlango ukafunguka.

Ukimtazama kwa pembeni alikuwa mzee. Ukimkazia macho alikuwa kijana. Mkono mmoja ulikuwa mpana, una pete. Wa pili ulikuwa mdogo, una rangi ya kucha.

"Nimefuata nguo zangu," alisema. Zilikuwa sauti nyingi, hazikumaliza pamoja.

"Zipi?" Tabasamu alinong'ona.

"Zote."

Kwenye reli, mikono ya mashati ikainuka kumwelekea.

"Na waliozivaa."

Dirishani walimwona fundi viatu wa jirani, mteja wa tangu duka lifunguliwe. Alisimama katikati ya njia na kiatu mkononi, akimshika kila apitaye. "Samahani... wewe unanifahamu? Mimi ni nani?"

Hapo ndipo Mama Dobi alipokumbuka.

"Nimewaunganisha," alisema. "Wote. Na mume wangu yumo, mwanangu. Mume wangu yumo humo!"

Tabasamu hakumlaumu. Pengine afadhali angemlaumu. Alivuta kiti, akatafuta sehemu ya kutenganisha, akaona masharti yake: kila mtu aandikwe upya, mmoja mmoja. Jina, simu, nguo zake, na chini kabisa sehemu ya maelezo. Akaanza. Fundi viatu, hapendi suruali zipigwe mstari. Mwalimu wa hisabati, chaki mfukoni kila wiki. Bibi harusi wa juzi, anaona aibu kutaja doa. Binti aliwajua wote, wala hakuhitaji kufikiri. Kila alipomaliza mmoja, shati moja lilitulia kwenye reli, na mgeni akapungua. Ile pete ikatoweka. Rangi ya kucha ikatoweka. Nje, fundi viatu akakishangaa kiatu, akarudi kibandani.

Akabaki mmoja.

Tabasamu akaandika jina la Dobi, na simu yake, bila kuuliza. Vidole vikaelekea kwenye maelezo.

"Huyo mwache!" Mama Dobi alimvuta mkono. "Mume wangu nitamwandika mwenyewe."

Mgeni, ambaye sasa alikuwa mwembamba kama koti kwenye msumari, akasogea kaunta.

Mama Dobi akaandika. *Anampenda mkewe. Hamtazami mwanamke mwingine. Anarudi nyumbani mapema. Mashati yake anayapiga pasi mkewe.*

"Mama," Tabasamu alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Hapo tunaandika mtu alivyo..."

"Utanifundisha mume wangu wewe?"

Akabonyeza. Reli nzima ikatulia.

Mgeni alikuwa bado amesimama. Alitakiwa aishe, lakini alisimama, na kwa mara ya kwanza alikuwa na sauti moja tu, ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, kama ya Dobi.

"Kilichobaki ni changu," alisema, akatoka. Mama Dobi hakuthubutu kumtazama usoni.

Punde gari likasimama nje. Dobi akaingia, mzima wa afya. Alipita mbele ya Tabasamu kana kwamba anapita mbele ya kabati, akamshika mkewe mkono. "Twende nyumbani, mke wangu." Raha aliyoisikia Mama Dobi pale! Alimgeukia binti ili aione vizuri. Tabasamu alikuwa amejibana ukutani, amejiziba mdomo kwa shuka.

Nyumbani mume alikula, akasifu. Akakaa kwenye kochi akimtazama mkewe. Hakuwasha redio. Hakushika simu. Mama Dobi aliosha vyombo, akarudi, akakuta anatazamwa vile vile, kwa tabasamu lile lile, macho hayapepesi.

"Baba," alisema taratibu, akiketi mbali kidogo. "Siku tuliyomzika mtoto wetu... tulipofika mlangoni, uliniambia neno. Unalikumbuka?"

Hakuwahi kumsimulia mtu neno hilo. Ndilo lililomweka hai mwaka ule.

Mume aliinamisha kichwa upande mmoja, kwa upendo mwingi.

"Hilo hukuliandika, mke wangu," alisema, akasogea kumkaribia.