Mchumba Aliyekatazwa Mahakamani

— Usije mahakamani, Mireille.

Mireille alisimama katikati ya korido ya hospitali kule Edgbaston, Birmingham, mkono mmoja kwenye toroli la chakula cha wagonjwa, mwingine umeshika simu.

— Unasema nini, Landry? Mimi si mchumba wako?

— Ndiyo maana. Usije. Tafadhali, chérie.

Simu ikakatika.

Landry alikuwa kizuizini. Alikwenda kuripoti uhamiaji kama kawaida, wakamshika palepale. Walitaka kumrudisha Kongo. Hakuwa na ruhusa ya kufanya kazi, wakili angemtoa wapi? Kaunsili ya jiji ilikuwa na mfuko wa kuwatetea watu wanaotishiwa kufukuzwa nchini, na mfuko huo ndio uliomlipia Sukhvinder, wakili mwanamke wa maneno machache. Sasa kesi ni kesho, na Landry hataki kumwona mchumba wake.

Nyumbani Hodge Hill, mama yake Mireille, Mama Goretti, hata hakushangaa.

— Si nilikuambia? Ule kijana anatafuta makaratasi tu. Pengine iko na bibi wa ndoa kule Goma, anaogopa utasikia.

— Mama, acha!

Lakini neno lilishamwingia. Alikaa, akasimama, akafungua friji bila kutaka kitu. Mwishowe akampigia Sukhvinder.

— Niambie ukweli. Kuna mwanamke mwingine?

— Siwezi kukueleza aliyoniambia mteja wangu, wakili akajibu. Ila mahakama iko wazi kwa kila mtu. Hata kwako.

Asubuhi Mireille alikaa kiti cha nyuma. Mama Goretti naye alimfuata, mkoba kifuani, akitaka kusikia kwa masikio yake. Landry alipowaona akainamisha kichwa.

Mwanasheria wa serikali akamuuliza:

— Unasema una mchumba hapa Birmingham. Mbona hukumleta awe shahidi?

Landry akainua kichwa.

— Watu wetu wanasema namtaka kwa ajili ya makaratasi. Hata mama yake. Nikibaki kwa jina lake, siku tukigombana atajiuliza kama nilimpenda kweli. Heri nirudishwe.

Moyo wa Mireille ukalainika, halafu ukawaka. Akajikuta amesimama.

— Nani alikutuma uniamulie?

Jaji akamwamuru akae. Lakini Sukhvinder alishainuka, akiomba mwanamke yule asikilizwe. Jaji akatafakari, akakubali.

— Unajua kwamba ndoa nawe ingemsaidia kubaki? mwanasheria akamuuliza.

— Najua. Ndiyo maana nilimwambia tufunge ndoa. Akakataa. Nikamwambia tena, akakataa tena! Nikalia, nikidhani hanitaki. Mtu anayetafuta makaratasi anakataa ndoa?

Mwanasheria akafunga faili lake, akaketi. Kule nyuma, Mama Goretti alijifunika uso kwa kitenge.

Kungoja hukumu kulimtesa Mireille. Aliunguza wali, akapanda basi lisilo lake, akashtuka kila simu ilipolia. Hatimaye ukaingia ujumbe wa Sukhvinder: "Tumeshinda. Jaji amewaamini. Landry anatoka leo mchana."

Alimkuta nje ya geti la kituo cha kizuizi, amekonda, nguo zake zote kwenye mfuko wa plastiki.

— Sasa makaratasi yamepatikana, naweza kukuomba, Landry akasema. Uwe mke wangu.

— Omba msamaha kwanza.

— Nilitaka kukulinda tu...

— Landry!

— Nisamehe. Sitakuamulia tena.

Hapo ndipo Mireille alipomkumbatia, akalia machozi aliyoyazuia siku zote zile. Simu ikaita. Mama.

— Umemupata? Basi mupe simu.

Landry akaipokea kwa mikono miwili.

— Jambo, mama.

— Landry, nilikusema mubaya mbele ya watu. Unisamehe, mutoto wangu.

— Imepita, mama.

— Haya, mukuje nyumbani, mboga ya sombe iko kwa moto. Na pasta nimeshamupigia. Anauliza ndoa ni Jumamosi gani.