Unyevu wa Kusingiziwa

Jumamosi saa tano asubuhi duka la viatu halina pa kukanyaga. Viti vya kujaribia ni vitatu na wateja ni thelathini. Watoto wanakimbia na kiatu kimoja mguuni, na mama mmoja anang'ang'ania saizi ambayo mguu wake uliiaga zamani. Katikati ya vurugu hiyo, mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka alichuchumaa kwenye rundo la maboksi akaanza kuyafunua moja baada ya jingine, bila kutazama kiatu hata kimoja.

Muuzaji alimwona. Dukani wanamwita Saizi, maana akikutupia jicho mguuni anakutajia namba yako kabla hujavua soksi. Siku hiyo alivaa gauni la kijani lililomkaa kiunoni, nywele kazifunga juu, na usoni hakuwa na tabasamu la kumgawia mtu.

"Kaka, umepoteza nini humo?"

"Samahani, dada. Naomba hivi tu." Akafungua kiganja. Vijipakiti sita vyeupe, vile vyenye punje ndani, vilivyoandikwa usile.

"Una njaa?"

"Hapana! Vinanyonya unyevu. Nina kadi zangu nazitunza."

"Kadi za harusi?"

"Za mpira. Za wachezaji."

Saizi akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye visigino. "Mtu mzima, na ndevu zako zote hizo."

"Na ndevu zangu zote hizi," akajibu, akacheka. Cheko lenyewe lilikuwa zuri, na hilo lilimuudhi Saizi kuliko yote.

"Wewe ni arobaini na mbili, mguu wa kushoto umekuwa mpana kidogo. Nunua kiatu nikupe vijipakiti. La sivyo, virudishe ulikovitoa."

Alinunua. Alitoka na viatu ambavyo hakuvipanga, vijipakiti tisa, na namba ya simu ya muuzaji. Sasa niambieni nani alimuuzia nani.

Yule bwana alikuwa mpima macho, mtaa wa tatu kutoka pale, na kila mtu alimwita Mpima. Saa ya chakula cha mchana simu ya Saizi ikawa hailali.

"Umekula, kipenzi?"

"Nitakula saa ngapi na wewe umenishika sikio?"

"Basi tafuna, mimi niongee." Na kweli aliongea. Alimweleza kwamba kadi ikipelekwa kwa wakaguzi hupimwa pembe, kingo na uso, ikapewa alama, kumi ikiwa ya juu kabisa, kisha ikafungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki angavu. "Watu wanadhani ikishafungiwa imepona. Wapi! Kasha halizuii jua, na unyevu unapenya taratibu. Miaka kumi baadaye unafungua kabati, unakuta mchezaji kapauka kama nguo ya kuanika."

"Na mimi nikitaka kutunzwa hivyo, nifanyeje?"

"Wewe? Wewe ungelipasua hilo kasha siku ya kwanza."

"Afadhali umejua mapema."

Mara ya kwanza alipomkaribisha kwake, alimwonyesha kabati kabla hajamwonyesha pa kukaa. Kadi arobaini na tatu, zimesimamishwa kama vitabu kwa safu mbili, ya mbele na ya nyuma, kila kasha limevalishwa mfuko laini lisikwaruzwe. Mpira wa kufungia hela ulikuwa mwiko humo ndani. Pazia zito lilizuia jua. Kulikuwa na daftari lenye namba ya kila kasha, na nakala yake ilikaa kwa dada yake, nyumba ikiungua pabaki ushahidi. Nyingine alizipata akiwa darasa la nne. Na mgeni je? Mgeni alipewa kigoda cha plastiki chenye ufa! Mimi ningeondoka. Saizi alikaa kwenye ufa huohuo, akasikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa ameshapenda, na aliyependa hukalia chochote.

Akaanza kukusanya vijipakiti. Miezi minne, kila boksi lililofunguliwa, Saizi alikuwa wa kwanza kulichungulia. Keshia wa duka alimcheka mpaka akachoka. Na hakuvitupa tu mkobani, hapana. Mpima alishamweleza kwamba kijipakiti kikikaa wazi kinashiba unyevu wa hewani na hakina kazi tena, kwa hiyo alivitia kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, akikikaza mpaka vidole vinauma. Chupa ilipojaa alimpelekea. Mpima akambusu paji la uso, akatoa vya zamani kabatini, akaweka vipya.

"Jumapili ya mwisho wa mwezi nakupeleka kwa mama," akasema.

Saizi akashona gauni la rangi ya zambarau. Akawapigia wa kwao. Duka zima likajua.

Wiki ile Mpima akatumwa nje ya mji kupima macho ya wanafunzi, siku kumi na nne. Aliporudi, Saizi alimpokea nyumbani pamoja na dada yake Mpima, aliyekuja kumsalimu wifi mtarajiwa. Maji ya chai yakiwa jikoni, sauti ikatoka chumbani.

"Saizi! Njoo hapa! Umefanya nini?"

Makasha kadhaa yalikuwa na ukungu kwa ndani. Kadi zilikuwa zimejipinda, na moja ilikuwa na doa la kahawia shavuni mwa mchezaji.

"Vijipakiti vyako! Vilishalowa huko dukani. Umenitilia maji ndani ya kabati!"

"Mpenzi, vilikuwa kwenye chupa, kifuniko nilikaza kwa..."

"Kumi na moja! Kadi kumi na moja! Na haziponi hizi. Nikipasua kasha kuzikausha, alama inapotea. Nikiziacha, zinaoza. Wewe unaelewa kweli ulichofanya?"

Dada mtu, ambaye hakuna aliyemwuliza, akaweka lake. "Ndiyo matokeo ya kuokoteza. Wifi, ungesema tu huna, vingenunuliwa vya maana."

Saizi alimtazama Mpima, akisubiri amwambie dada yake anyamaze. Mpima alikuwa ameinama juu ya kadi. Basi akachukua mkoba wake, akazima jiko, maana yeye si mtu wa kuunguza sufuria ya watu, akatoka.

Jioni ile ile dada mtu akampigia Saizi simu. "Mama anasema Jumapili msije kwanza. Anasema mwanamke anayeharibu mali ya mwanamume hata hajaolewa, akiolewa itakuwaje?"

Jamani! Mtu kahangaika miezi minne, kachekwa na keshia, kainama kwenye maboksi hadi kiuno kinalia, na shukrani yake ndiyo hiyo! Huyo mwanamume anapima macho ya watu kutwa nzima, anamwambia mzee asome herufi za chini kabisa. Hakuwa na dakika moja ya kumsomea mpenzi wake usoni. Nimekasirika mimi, sembuse Saizi.

"Msamehe," keshia akamwambia kesho yake. "Wanaume ndivyo walivyo."

"Na nani kawaruhusu kuwa hivyo? Ninyi mnaosema ndivyo walivyo." Keshia akarudi kwenye mashine yake.

Siku ya nne, jirani wa ghorofa ya chini ya Mpima alilalamika kwamba dari yake inadondosha maji. Mwenye nyumba akaleta fundi bomba. Fundi akapita bafuni kwa Mpima, akazunguka chumbani, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasogeza kabati.

"Hili kabati nani aliliegemeza hapa?"

"Mimi. Kwa nini?"

"Weka mkono."

Mpima akaweka. Ukuta ulikuwa wa baridi na laini, rangi ikabaki kiganjani mwake.

"Huu ni ukuta wa bafu, bwana. Bomba linapita humu, nalo limetoboka. Linatoa jasho hapa si chini ya wiki tatu. Mtu haweki hata godoro kwenye ukuta wa bafu! Humo ndani umeweka nini?"

Mpima alifungua kabati, na safari hii alitazama. Kadi kumi na moja zilizoharibika zilikuwa zote za safu ya nyuma, zile za kuelekea ukutani. Za mbele zilikuwa salama kabisa, na kati yake vijipakiti vya Saizi vikipiga kazi. Kama kosa lingekuwa la vijipakiti, zingelowa zote. Hilo lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza kwa yeyote mwenye macho. Alimhubiria kila mtu habari za jua na mfuko laini, akausahau ukuta.

Akampigia Saizi simu.

"Laazizi, ni mimi. Usikate. Lilikuwa bomba. Bomba la bafuni, limepasuka ukutani. Nisamehe kama nilikukosea."

Saizi akahamishia simu sikio la pili.

"Saizi?"

"Kama?"

"Eh?"

"Umesema kama. Uliponifokea hukusema 'kama umelowesha kadi'. Ulisema umelowesha. Kwa hiyo kunitukana ulikuwa na uhakika, kuniomba radhi ndiyo huna?"

"Roho yangu, huo ni msemo tu wa watu."

"Basi kaa na watu wako na msemo wao." Akakata.

Kesho yake akaja dukani, macho mekundu, shati lina mikunjo kwa mara ya kwanza. Akapanga foleni nyuma ya watu saba. Zamu yake ilipofika akainama, akanong'ona, "Nisamehe. Nilikukosea. Hakuna kama."

Saizi bado alimpenda, nisiwafiche. Alikuwa hajalala siku tano kwa kumkosa mtu huyu. Lakini alisimama wima, kiatu cha mteja mkononi.

"Hapa nani alikusikia ukinisingizia? Keshia? Huyu baba anayejaribu ndara? Mama yako ameketi kule anajua mimi ni mharibifu, na wewe unakuja kuninong'oneza sikioni. Uliponichafua ndipo unisafishie. Ukishindwa, usirudi. Nafuta namba yako na nitalia nikimaliza kazi."

"Jumapili," akasema Mpima. "Naomba uje kwa mama Jumapili."

"Anayefuata!"

Yule baba wa ndara akasogea mbele, na Mpima akatoka.

Jumapili Saizi alivaa lile gauni la zambarau. Alilivaa, akalivua, akalivaa tena. Alijua fika kwamba Mpima akijiumauma leo, hakuna ndoa, na atarudi nyumbani kuwaeleza wa kwao kwa nini.

Sebule ya mama ilikuwa ndogo na safi, vitambaa vyeupe kwenye makochi, saa ya ukutani ikienda kwa kelele. Mama alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani minene, iliyopimwa na mwanawe. Saizi akapiga goti, akamwamkia, akaitikiwa kwa ufupi. Dada mtu akamimina chai, akawahi kuongea kabla ya wote.

"Jamani, yaliyopita si ndwele. Tugange yajayo. Wifi, karibu sukari."

Saizi akaweka kikombe chini. Mkono ukaenda kwenye mkoba.

"Hapana, dada," akasema Mpima, akasimama. "Haya ni ndwele." Akamgeukia mama yake. "Mama, nilimsingizia. Vijipakiti vyake vilikuwa vikavu. Bomba langu la bafuni lilikuwa linavuja, na kabati nililiegemeza mimi kwenye ukuta ule, kwa mikono yangu hii. Nilimfokea kabla ya kumwuliza. Alikusanya vitu vile miezi minne kwa ajili yangu, na dada alipomtukana mbele yangu nikanyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo baya zaidi. Kadi zimeharibika, hazirudi, na aliyeziharibu ni mimi. Nilikukosea, Saizi. Nisamehe."

Mama akavua miwani, akamgeukia binti yake.

"Wewe si uliniambia umeona kwa macho yako?"

"Niliona kadi, mama. Nikamwamini kaka."

"Na mimi nikakuamini wewe, nikamfungia mtoto wa watu mlango. Aibu gani hii mnayonivisha uzeeni? Mwombe wifi yako radhi."

Dada mtu akavuta pumzi. "Wifi, nisamehe kama nili..."

"Hakuna kama!" Mpima akamkatiza, kwa ukali ambao hata yeye ulimshtua.

Dada akaweka birika chini. "Nisamehe, wifi. Nilikutukana."

"Na mimi nisamehe, mwanangu," akasema mama. "Nilihukumu kwa simu."

Saizi machozi yalimtoka, na yalikuwa ya hasira kuliko ya furaha, maana ya furaha yangekuja bila kumsubirisha wiki nzima. Mpima akapiga magoti kwenye zulia, karibu amwage chai.

"Mbele ya hawahawa waliosikia ubaya," akasema, "naomba nikuoe."

Saizi alijifuta uso kwa kiganja, upande huu, halafu ule. Mama akasogea ukingoni mwa kochi.

"Mwanangu, umemsikia. Unasemaje?"

Saizi akanyoosha gauni lake magotini, akamtazama mama peke yake.

"Mama, mimi nimekubali," akasema. "Lakini mwambieni yeye kwamba mpaka kesho bado sisemi naye."