Nimemwacha Sabiha Gerezani

Mwaka ule wa themanini na tatu, ukitaka sukari Ngamiani ulihitaji miguu kwanza, pesa baadaye. Watu walipanga foleni kwenye duka la ushirika Barabara ya Nane tangu alfajiri, na aliyechoka kusimama aliweka kitu mahali pake: jiwe, ndoo, kandambili iliyokatika. Rahila binti Hatibu aliweka kitabu. Kilikuwa kinene kama tofali, hakina jalada, urithi wa marehemu baba yake. Alikichagua kwa sababu moja tu: nani ataiba kitabu?

Aliporudi kutoka kunywa maji akamkuta kijana mrefu, suruali ya bugaluu, shati jeupe lililofuliwa kwa majani ya mpapai mpaka likawa rangi ya chai, amekalia ndoo ya watu na kitabu kiko mapajani.

"We kaka! Nafasi yangu unaisoma?"

"Nafasi yako tamu, dada," akajibu bila kuinua macho. "Ngoja kidogo. Huyu mtu anatupwa baharini sasa hivi."

"Nani anatupwa?"

"Shaib. Njoo uone."

Rahila alikuwa amevaa kanga mpya za manjano na uso wa kugomba, lakini akainama kuona. Sukari ikaisha wakiwa ukurasa wa ishirini na sita. Wakarudi mikono mitupu, na wallahi hakuna hata mmoja aliyenuna.

Kijana huyo ni Nasri, fundi katika karakana ya shamba la mkonge kule Pongwe. Alikuwa mtu wa magazeti ya mpira, akiamini kwamba vitabu virefu ni vya walimu na wagonjwa. Rahila, opereta wa simu pale posta, alikuwa ameishi na kitabu kile miaka minane bila kukifungua. Wote wawili wakanaswa. Na mimi siwalaumu, maana nimekisoma. Ni hadithi ya zamani iliyofasiriwa, kurasa mia nane, ya mwana wa mhunzi, huyo Shaib, anayezunguka dunia miaka ishirini kuitafuta kengele ya mji wao iliyoibwa. Anavuka theluji, anakula ngozi ya viatu, anafundishwa nyota na mwizi. Unadhani utachoka, kumbe unafika ukurasa wa mia mbili unaomba kisiishe! Na mfasiri, Mungu amrehemu, aliwapa watu wote majina ya pwani, basi ukisoma unaona kama mambo yametokea mtaa wa pili.

Uti wa kitabu ulikuwa umekatika katikati. Nasri akasoma nusu ya kwanza, akampa Rahila, akaendelea na ya pili. Simu ya karakana haikupoa.

"Namba, tafadhali."

"Naitaka sauti hiyo hiyo."

"Nasri, niko kazini!"

"Umefika mlimani?"

"Nimefika. Yule mwizi usiniambie kama anakufa! Ukiniambia siolewi nawe."

"Kwani umekubali kuolewa?"

Rahila akacheka mpaka wenzake wakageuka. Alikuwa amekubali. Wazee wa Nasri wangekuja Mabawa, nyumbani kwa mama yake Rahila, Ijumaa kuleta posa.

Jambo moja lilimtia Rahila hofu. Mume wake wa kwanza alikuwa na mke Korogwe, tena mjamzito, na Rahila aliambiwa na watu wa sokoni. Kilichomuuma si uke wenza, ni kufichwa. Alirudi kwa mama yake na kuapa hatafichwa tena. Nasri alikuwa amemwambia hajaoa kamwe, naye akamwamini.

Jumatano Rahila alitoka kwenda kula, Nasri akapiga. Akapokea Mastura, opereta mwenzake.

"Mwambie Rahila," Nasri akasema kwa uchungu, "nimemwacha Sabiha gerezani, ana mimba ya miezi saba. Asiniulize zaidi."

Mastura akayafikisha yale maneno kama alivyopewa, ila akashusha sauti. "Mwenzangu, kaa kwanza. Nasri kasema kamwacha Sabiha. Yuko gerezani, na mimba ya miezi saba. Na usimwulize."

Rahila hakukaa. Alipiga Pongwe.

"Sabiha ndiye nani kwako?"

"Ah, kumbe umeambiwa! Nampenda sana, Rahila. Hujafika kwake tu. Ukimjua utampenda na wewe."

"Na hiyo mimba?"

"Maskini, miezi saba."

"Ya nani?"

"Hiyo sikwambii, nitakuharibia utamu."

"Utamu! Astaghfirullah! Kitabu cha baba yangu nirudishie leo, na wazee wako wasikanyage kwetu!" Akachomoa waya.

Nasri akapiga mara sita, mara sita Mastura akajibu kwamba laini mbovu. Jioni akapeleka nusu yake ya kitabu Mabawa. "Shikamoo mama," akamwambia mama yake Rahila, akakabidhi, akaondoka na shingo upande.

Siku mbili Rahila hakukigusa. Ijumaa asubuhi, siku ambayo posa ingeletwa, alikichukua akifiche sandukuni, kikafunguka penye kijiti cha kibiriti, ukurasa wa mia tano na kumi na tisa. Akaona jina. Sabiha, mkewe Shaib, alikuwa ameketi katika gereza la kisiwani, tumbo la miezi saba, akigonga ukuta ili mfungwa wa pili asikate tamaa. Rahila akasoma amesimama. Akasoma kazini, kati ya simu na simu. Alilia kwa Sabiha, akalia kwa Nasri, na hata kilipoisha alasiri hakujua ni chozi lipi la nani. Kisha akapiga Pongwe.

"Karakana."

"Nasri, nimemwona Sabiha. Nisamehe, mpenzi. Nilidhani ni mkeo."

"Ungeniuliza, Rahila."

"Nilikuuliza! Ukasema wampenda."

"Nampenda kweli."

"Hata mimi sasa."

Nasri hakucheka. "Baba amefedheheka. Kaapa hatoki nyumbani mpaka aombwe radhi."

"Nitakwenda mimi kumwomba. Nitamwambia nilimwonea wivu mwanamke wa kitabuni."

"Mji mzima utakucheka."

"Unicheke. Nilikuogopa wewe kwa makosa ya mtu mwingine, na hilo nitalisema mbele ya wazee wote."

Nasri akavuta pumzi. Sauti ikamlainika. "Alijifungua?"

"Sikwambii ng'o. Una kurasa karibu mia tatu hujazisoma, na nakuonea wivu, Nasri, wallahi nakuonea wivu. Uje uzisomee nyumbani, ukiwa mume wangu, mimi nikutazame uso."

"Nipitie wapi, posta au Mabawa?"

"Posta. Twende kwa baba yako pamoja."

Alifika kwa baiskeli kutoka Pongwe, jasho tupu, grisi mikononi. Rahila akaweka mkono wake katika ule wenye grisi, hapo hapo mlangoni, watu wakitazama.