Kilo Mbili za Maji

Duka la dawa la pale mkabala na stendi lilijaa hadi mlangoni asubuhi ile. Wenye vikohozi, wenye vyeti mkononi, akina mama wenye watoto mgongoni, na foleni haisogei hata hatua. Sare alijipenyeza kwa viwiko. Mtaani walimwita hivyo kwa sababu alishona sare za shule, na jina lilikuwa limeshamkaa kuliko la kwake. Hakufuata dawa. Alifuata mizani ya kusimama iliyokuwa pembeni mwa kaunta, aliyoipanda kila siku kwa wiki nzima. Aliikuta imelazwa kifudifudi, tumbo wazi, na mwanamume mwenye ovaroli ya kijivu ameichutamia na bisibisi.

"Imekufa?" aliuliza.

"Imelala tu. Una shida nayo, dada?"

"Nina kesi nayo. Juzi ilinipa themanini na nne, jana themanini na sita. Mtu ananenepaje kilo mbili kwa siku moja, na nimekula matango?"

Fundi mizani hakubishana naye. Aliifunga mizani, akaisimamisha, akapakia juu yake mawe mawili ya chuma ya kilo ishirini. Kioo kikaonyesha arobaini kamili.

"Nzima. Haya, panda."

Sare alivua viatu. Akavua saa, mkanda wa gauni lake la zambarau, halafu hereni.

"Hata hereni?" Fundi alicheka.

"Usinicheke. Kila gramu ninayobeba, kuna mtu anaisubiri ishuke."

Alisema kwa sauti iliyomkatika katikati, na Fundi akaacha kucheka. Mizani ilisema themanini na sita. Sare akaweka mkono mdomoni, machozi yakamtoka mbele ya foleni nzima.

Nje, kwenye benchi la duka, alimweleza. Mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, figo zote mbili zilikuwa zimekufa. Alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na kila mwezi alirudi nyumbani mdogo zaidi. Ndugu wote walipimwa ili mmoja amtolee figo, akafaa Sare peke yake. Ila daktari alikataa kumpasua mtu mwenye mafuta mengi tumboni, akamwekea mstari: kilo themanini, miezi mitatu.

"Hayo matango ulikula na nini?" Fundi aliuliza.

"Na samaki wa chumvi. Kipande tu."

"Basi kesi yako si ya mizani, ni ya samaki. Chumvi inashika maji mwilini. Hujanenepa, umejaa maji tu. Yatatoka."

"Wewe fundi au daktari?"

"Fundi. Lakini watu wakinenepa hunilaumu mimi, kwa hiyo nimejifunza kuwauliza walichokula."

Sare alicheka huku kamasi zinamtoka. Fundi akampa kitambaa kilichonuka grisi, na yeye akakitumia bila kinyongo.

Wiki hiyohiyo Fundi alimletea mizani kuukuu aliyoifufua mwenyewe, na masharti yake: mara moja kwa siku, akitoka chooni, kabla ya chai. Saa kumi na mbili na nusu simu ingelia.

"Umeamkaje, mpenzi? Namba?"

"Usiniite mpenzi kabla hujasikia namba."

"Namba ni ya mizani. Mpenzi ni wangu."

"Themanini na tatu na nusu."

"Jana?"

"Themanini na nne. Haya, niite."

Ndivyo walivyopendana, kwa nusu kilo nusu kilo. Jioni Fundi alimpitia cherehani zikifungwa, shati limepigwa pasi, wakatembea mpaka miguu ikawauma. Fundi alimsifu macho, alimsifu mwendo, unene wake hakuugusa hata kwa utani. Sare alikuwa amefika miaka thelathini na nne bila kupata mtu wa kumwamkia namna ile, na moyo ulimwenda wote.

Kisha ikaja wiki ya hedhi na namba ikapanda kilo mbili. Fundi alimwambia ni maji tena, yataondoka na siku zake. Sare hakusikia. Usiku ule mdogo wake alikuwa amelazwa, mapafu yamejaa maji, anahema kama aliyekimbizwa. Sare akaacha kula. Siku ya tatu Fundi alimkuta anashona amejifunga koti la mvua la plastiki ili atoe jasho, midomo imepauka, na kabla hajamfikia, Sare alidondosha kichwa juu ya cherehani.

Alipozinduka, Fundi aliondoka na ile mizani. "Naikagua tu," alisema. Aliirudisha kesho yake, na namba ikawa imeshuka. Sare alifurahi mpaka akala sahani nzima. Fundi alimtazama anavyokula.

Siku ya kliniki mizani ya nyumbani ilisema sabini na tisa nukta sita. Sare alikwenda hospitali anaimba. Ya hospitali ikasema themanini na moja nukta mbili, na daktari akasogeza tarehe wiki tatu mbele.

Njia nzima ya kurudi alikuwa akijiuliza amekunywa nini. Kisha akashikwa na shaka ambayo mpenzi wa mwashi au wa dereva asingekuwa nayo. Aliibeba mizani hadi duka la nafaka, akaomba wampandishie gunia la mchele lililofungwa kiwandani, la kilo hamsini. Mizani ikasoma arobaini na tisa.

Alipiga simu hapohapo, kati ya magunia.

"Umeichezea mizani yangu?"

"Ulikuwa huli, Sare. Nilijua ni maji. Nilitaka ule tu mpaka yatoke."

"Mdogo wangu amesubiri kwa namba ya uongo."

"Nilikuwa nakuona unakufa."

"Na yeye unamwona anafanya nini?" Akakata, akamfungia namba.

Wiki tatu hizo hazikuwa maisha. Alishona bila kuongea, akalia bila kumwambia mtu. Siku mbili za mwisho hakutia chakula wala tone la maji mdomoni. Mizani ya hospitali ikasema sabini na tisa nukta nne, akatabasamu mpaka mdomo uliokauka ukapasuka. Wakamtoa damu. Saa moja baadaye daktari alimwita, na mdogo wake akaingia naye akijikokota.

"Umekunywa maji lini?" daktari aliuliza.

"Juzi asubuhi."

"Figo ninayotaka kuitoa imeanza kulalamika yenyewe. Umeangusha maji, mama, mafuta yako palepale. Nakupa wiki moja ule na unywe. Majibu yakirudi hivi, nakufuta kabisa."

Kwenye korido mdogo wake alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Dada, nilikuomba figo. Sikukuomba maiti."

Sare aliona pande zote zimeziba. Akinywa, anazidi themanini na kukataliwa. Asipokunywa, damu inamkataa. Hakujua uzito wake halisi ni upi, na duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyeujua. Akaifungua ile namba.

"Nipe namba zangu za kweli," alisema. Hakumsalimu.

Fundi alifika na mawe yake ya chuma na daftari. Alikuwa amekonda. Mbele yake aliirekebisha mizani, akamwachia apange mawe mwenyewe. Kisha akafungua daftari. Tangu simu ya kwanza aliandika namba ya kila asubuhi, na Sare alipoanza kumtajia za uongo, yeye aliandika pembeni ile ya kweli. Mwisho wa kila wiki alizijumlisha, akagawanya kwa saba.

"Tazama wiki, siku ziache. Themanini na tano. Themanini na nne na nusu. Themanini na nne. Siku zinaruka kama chura, lakini hakuna wiki hata moja iliyopanda. Ulikuwa unapungua muda wote."

Sare aliupitisha wino kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, na machozi yakalowesha karatasi. "Ungenionyesha hili, ningekula."

"Najua. Nilikosa, Sare. Niliogopa, nikafanya ninachojua kufanya. Sitakupa tena namba isiyo yako, hata kama itaniachanisha na wewe."

"Bado nina hasira."

"Kuwa nayo. Ila kunywa maji."

Alikunywa. Wiki nzima alikula na kunywa kama mtu, roho mkononi. Asubuhi ya kupimwa, mlangoni mwa kliniki, alimaliza chupa ya lita nzima, akapanda. Themanini na nusu. Fundi akamshika kiuno. Daktari hakuitazama mizani sana. Alisoma karatasi ya damu, akapekua lile daftari hadi mwisho.

"Themanini niliweka kwa ajili ya mafuta," alisema, "si kwa chupa ya maji. Alhamisi tunapasua."

Sare alikaa sakafuni palepale akalia kwa sauti, na mdogo wake akakaa naye. Fundi alisubiri wamalize. Kisha akachutama mbele yake.

"Nikuoe kabla au baada?"

Sare alipangusa uso. "Figo moja ina uzito gani?"

"Gramu mia na hamsini hivi."

"Baada, basi," alisema. "Na hizo zitoe kwenye hesabu. Hizo sikupungua, nilitoa."