Mguu Usiogusa Sakafu

Asubuhi ya Jumatatu ya kanivali, Bonaria alimkuta mumewe amekaa juu ya meza ya jikoni, miguu inaning'inia, anamenya chungwa.

"Antioco, shuka. Meza ya chakula hiyo."

"Sakafu ya baridi, mke wangu."

Bonaria akacheka, akamsogezea ndara. Antioco hakuzivaa. Alipotaka kwenda chumbani alipanda kiti, akakanyaga sanduku la kuni, akarukia kitandani. Mtu mzima, seremala mwenye ndevu zake. Na alipopita, nyumba ilibaki inanukia maua ya urujuani.

Sasa nieleze, na sitamfichia mtu aibu yake. Jumapili, Antioco ndiye aliyekuwa kiongozi wa mbio za nyota, zile za farasi za kutunga nyota ya bati kwa upanga, heshima ambayo wanaume wengi wa mji wetu hufa hawajaipata. Kiongozi huvalishwa na wanawake akiwa juu ya meza iliyomwagiwa ngano. Hushonewa kichwani, kwa uzi na utepe, kinyago cheupe cha mbao, uso wa mwanamke mwenye mashavu ya waridi, hukabidhiwa kishada cha urujuani cha kuwabarikia watu, na tangu hapo si mwanamume wala mwanamke, na mguu wake haugusi ardhi. Kutoka mezani hupanda farasi, kutoka kwenye farasi hurudi mezani. Mkono ulioshona ndio unaofumua, mpaka uzi wa mwisho. Hilo hata watoto wetu wanalijua.

Mwaka huu mkono ulikuwa wa Greca. Kasheshe likaanzia hapo, maana Greca alikuwa mchumba wa Antioco kabla ya Bonaria, na vidole vyake bado vizuri vilevile. Bonaria aliviangalia vikipita nyuma ya sikio la mumewe mbele ya mji mzima, na donge la wivu likamkaa mchana kutwa. Farasi waliporudi, Greca akainama kufumua, Bonaria akampokonya mkasi.

"Umemshika vya kutosha, shoga. Huyu ana mwenyewe."

Watu walicheka. Bonaria akakatakata nyuzi, kinyago kikatoka. Hakuzihesabu nyuzi.

Jumatatu hiyo, alipokuwa akimpa mumewe chakula pale pale mezani, aliona uzi mweupe umechomoza nyuma ya sikio lake. Akauvuta. Antioco hakushtuka, ila sauti ya kike ilisema, "Taratibu." Na mwanamke mle jikoni alikuwa Bonaria peke yake.

Alikimbia hadi kwa Bibi Peppica, mganga wa kijicho. Bibi alidondosha punje tatu za ngano kwenye glasi ya maji, na zote tatu zikasimama wima.

"Hapa hakuna kijicho cha binadamu, mwanangu. Huyu ni mwenye kinyago, yule mwanamke wa mashavu ya waridi. Alipewa mume kwa siku moja, na aliyempa, yule aliyeshona, hakuachwa amdai arudishe. Mwite Greca afumue uzi uliobaki."

"Greca haingii kwangu, bibi."

"Basi zoea kukaa naye huyo." Bibi alimwaga maji mlangoni. "Greca akifumua, wewe kaa nje, mlango ufungwe. Mguu wa mumeo ukigusa sakafu, amekurudia. Lakini usifungue, usikie utakachosikia. Mwenye kinyago anajua pa kukushikia."

Greca alikuja Jumanne mchana, kwa kuitwa na Bonaria mwenyewe, ngoma zikilia mtaani. "Sikuja kukuibia, Bonaria."

"Najua," alisema Bonaria. Hakujua hata kidogo.

Akawafungia Greca na Antioco jikoni, akauegemea mlango kwa mgongo kutokea nje. Kwanza alisikia ngoma za mtaani tu. Halafu harufu ya urujuani ikapenya chini ya mlango, nzito mpaka ikamkaba, na nyuma ya harufu ikaja sauti ya Antioco, ile sauti ya chini aliyoitumia usiku wa harusi yao na ambayo Bonaria hakuwa ameisikia tena tangu hapo, ikinong'ona jambo ambalo halikushikika, na jambo hilo likajibiwa kwa kicheko cha mwanamke, kicheko cha mtu anayetekenywa shingoni, kikakatika, kikaanza tena karibu zaidi na mlango, huku meza ikilia kama inabeba watu wawili, na Bonaria, aliyekuwa ameziba masikio, akaona kwamba kuziba hakusaidii, maana alikuwa anakisikia kwa tumbo, kwa meno, kwa lile donge lake la tangu Jumapili.

Akafungua.

Greca alikuwa amepiga magoti mbali na mlango, jasho linamtiririka, ncha ya uzi ameibana kwa meno na midomo ameifumba. Asingeweza hata kusema, sembuse kucheka. Uzi ulikuwa umetoka urefu wa mkono mzima nyuma ya sikio la Antioco, na kidole gumba cha mguu wake kilibakiza unene wa kucha kugusa sakafu. Greca alitikisa kichwa kumkataza Bonaria asisogee, na kwa kutikisa huko uzi ukakatika.

Mguu ukapanda juu polepole.

"Antioco," aliita Bonaria. "Mume wangu, nisamehe."

Antioco akainua uso. Ndevu zilikuwa zake, macho yake, lakini mashavu yalikuwa yameingia rangi ya waridi, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Asante kwa kunifungulia, mke mwenzangu."